Nani Ampishe Nani? Historia ya Maneno Yaliyotengwa na Kanuni za Majina katika Uzalishaji wa Msimbo baina ya Lugha za Programu, na Funzo Lake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna lugha za programu zilivyoshughulikia mgongano kati ya maneno yaliyotengwa na majina yanayotungwa na watumiaji, tangu FORTRAN ya mwaka 1957 hadi zana za leo zinazozalisha msimbo wa lugha nyingi kutokana na skima moja. Yanabainisha mikabala mitatu iliyojitokeza, yaani kukataza, kugeuza na kukinga, na kuonyesha kuwa mkabala uliofaulu kudumu ni ule unaowezesha jina asilia kurejeshwa bila kukisia. Kisha yanachunguza mahali ambapo majina ya Kiswahili hukwaza zana hizo: ritifaa ya ng', umoja na wingi wa ngeli, na mwandiko usio na herufi kubwa. Hoja kuu ni kwamba kanuni ya majina ni suala la sera ya lugha, na kwamba asasi za Kiswahili za Afrika Mashariki zinapaswa kuitunga kabla zana hazijaitunga kwa niaba yao.

Istilahi muhimu: maneno yaliyotengwa, kanuni za majina, uzalishaji wa msimbo, skima, ritifaa, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Kila lugha ya programu ina kanuni zake za majina: herufi zipi zinaruhusiwa, jina lianze na nini, liwe na urefu gani, na iwapo herufi kubwa na ndogo hutofautisha jina moja na jingine. Nyingi zina pia orodha ya maneno ambayo mtunzi wa programu hawezi kuyatumia kuvipa majina vitu vyake. Katika lugha ya C, kwa mfano, "for" ni amri ya kurudia kazi, na kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuuita uga wa rekodi yake "for". Maneno ya aina hii ndiyo makala haya yanayaita maneno yaliyotengwa.

Ndani ya lugha moja, kanuni hizi hazina uzito mkubwa. Mtunzi huonywa na kompaila, akabadilisha jina, akaendelea na kazi. Tatizo huzuka lugha zinapokutana. Uzalishaji wa msimbo baina ya lugha ni kazi ya zana inayosoma maelezo ya data au ya huduma yaliyoandikwa mara moja, ambayo tutayaita skima, kisha ikaandika yenyewe msimbo wa Java, Python, Go au lugha nyingine inayotakiwa. Wataalamu wa tafsiri wataitambua hali hii mara moja: ipo matini chanzo na zipo lugha lengwa. Jina lililo halali katika skima laweza kuwa haramu katika mojawapo ya lugha lengwa. Hapo lazima mmoja apishe, na swali la nani ampishe nani limejibiwa kwa namna tofauti katika vipindi tofauti.

Swali hili limetufikia Afrika Mashariki kwa njia ambayo haikutarajiwa. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na mwaka huohuo wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikipitisha kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Lugha rasmi huingia katika fomu, katika rejista na katika hifadhidata. Pindi nchi mbili zikibadilishana rekodi kwa Kiswahili, majina ya nyuga za rekodi hizo yatapita katika zana za kuzalisha msimbo, na zana hizo zina kanuni zilizotungwa pasipo kukifikiria Kiswahili hata kidogo.

2.0 Lugha zisizotenga na lugha zilizotenga, 1957–1989

FORTRAN, iliyotolewa na kundi la John Backus katika kampuni ya IBM mwaka 1957, haikutenga neno lolote. Kompaila ilitambua amri kwa umbo la sentensi nzima, na mtunzi aliweza kukiita kigeu chake IF bila kosa. Kilichokuwa kikali ni urefu wa jina: herufi zisizozidi sita. Sababu yake ilikuwa mashine yenyewe. Neno moja la kumbukumbu katika IBM 704 lilikuwa na biti 36, na kila herufi ilichukua biti sita. Jina la herufi sita likajaza neno moja barabara. Kanuni iliyotokana na kipimo cha mashine moja iliishi muda mrefu kuliko mashine hiyo. Kiwango cha kwanza cha C nchini Marekani, cha mwaka 1989, bado kiliahidi herufi sita tu za kutofautisha majina yanayovuka kutoka faili moja la programu hadi jingine.

COBOL, ambayo ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 1960, ilichukua njia iliyo kinyume. Kwa kuwa ilikusudiwa kusomeka kama sentensi za Kiingereza, ilitenga maneno mengi, na idadi yake ikafikia mamia matoleo yalivyoongezeka. Mtunzi wa COBOL alipaswa kuwa na orodha mezani, kwani maneno ya kawaida ya ofisini, mathalani yale ya tarehe, jumla na ukurasa, yalikuwa tayari yamechukuliwa.

Njia ya tatu ilikuwa ya ALGOL 60. Ripoti yake ilitofautisha lugha ya marejeo, lugha ya uchapishaji na namna lugha itakavyoandikwa kwenye kila mashine. Maneno ya amri yalihesabiwa kuwa alama za pekee, si mfuatano wa herufi, na vitabuni yalichapwa kwa wino mzito. Mashine za wakati huo hazikuwa na wino mzito. Baadhi ya watengenezaji wa kompaila wakaamua kulifungia neno la amri kati ya ritifaa mbili, likaandikwa 'BEGIN'. Jina la mtumiaji likabaki huru, nalo neno la lugha ndilo likavaa alama. Hapa lugha ilimpisha mtumiaji, jambo ambalo halikutokea mara nyingi baadaye.

Mkabala huo ulizaa tunda la kuvutia kwa mwanaisimu. Kwa kuwa neno la amri lilikuwa alama tu, lingeweza kuandikwa kwa lugha yoyote ya binadamu. Ripoti ya ALGOL 68 ilitafsiriwa kwa Kirusi, Kijerumani na Kifaransa, na lugha hiyo ilikusudiwa kuruhusu maneno ya amri katika lugha za watumiaji wake. PL/I ya IBM, iliyobuniwa katikati ya miaka ya 1960, nayo haikutenga neno lolote, ikitegemea muktadha kama FORTRAN.

Hata hivyo, njia ya kutenga ndiyo iliyoshinda. Ni rahisi zaidi kuandika kompaila inayojua kwamba "if" ni amri popote ionekanapo, na msomaji wa programu pia hasumbuki. C, iliyokuja katika miaka ya 1970, ilitenga maneno machache. Kiwango cha mwaka 1989 kilikuwa na maneno 32. Uchache huo ulionekana kuwa dawa tosha. Lakini kila lugha iliyozaliwa baada ya C ilitenga maneno yake, na orodha mbili fupi zinapokutana huwa orodha moja ndefu.

3.0 Lugha zilipoanza kukutana

Mgongano wa kwanza uliojulikana sana ulitokea ndani ya ukoo mmoja. C++, iliyoanza kuuzwa mwaka 1985, ilijengwa juu ya C na ikaongeza maneno mapya, miongoni mwake "class", "new" na "delete". Maktaba ya X11, ambayo ndiyo msingi wa madirisha katika mifumo ya Unix, ilikuwa na rekodi yenye uga ulioitwa "class". Msimbo huo ulikuwa halali katika C na haramu katika C++. Suluhisho lililoandikwa ndani ya faili la X11 lilikuwa la majina mawili: msomaji wa C huona "class", na msomaji wa C++ huona "c_class". Kitu kimoja kikawa na majina mawili kutegemea nani anakitazama, na mkataba wa majina hayo ukakaa ndani ya faili lilelile.

Mwaka 1991 ulitolewa muundo wa kwanza wa CORBA, uliowezesha programu za lugha tofauti kuitana kupitia mtandao. CORBA ilikuwa na lugha yake ya kueleza violesura, na kwa kila lugha lengwa palikuwa na waraka wa ulinganishaji. Waraka wa Java ulisema kwamba jina linalogongana na neno la Java litatanguliziwa kistari cha chini. Waraka wa C++ ulisema litatanguliziwa "_cxx_". CORBA ilikwenda mbele zaidi: ilikataza majina mawili yanayotofautiana kwa herufi kubwa na ndogo tu, kwa sababu baadhi ya lugha lengwa hazitofautishi. Kwa maneno mengine, skima ilibanwa na udhaifu wa lugha iliyo na masharti mengi kuliko zote.

Faida ya CORBA ilikuwa kwamba kanuni ilichapishwa kabla ya kutumika. Mhandisi aliyeona "_cxx_" aliweza kujua, bila kuuliza, jina asilia lilikuwa lipi.

Mfano wa tatu unawagusa watu wengi zaidi. Mwaka 1998 ulichapishwa muundo wa kwanza wa kuifikia kurasa ya wavuti kupitia programu, unaojulikana kwa kifupi DOM. Katika HTML, sifa mbili zinaitwa "class" na "for". Kwa kuwa DOM ilikusudiwa kutumika katika lugha nyingi, na nyingi kati yake zilikuwa zimeyatenga maneno hayo, sifa hizo zilibadilishwa zikawa "className" na "htmlFor". Miaka miwili baadaye sifa ya mtindo iitwayo "float" ikawa "cssFloat" kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2009 kiwango cha JavaScript kilirekebishwa, na maneno yaliyotengwa yakaruhusiwa kutumika kama majina ya sifa. Sababu ya mabadiliko ikawa imeondoka, lakini majina yaliyobadilishwa hayakuondoka. Hadi leo mwanafunzi anayejifunza kuandika kurasa za wavuti hulazimika kukumbuka kuwa sifa moja ina majina mawili, wala hakuna kanuni ya jumla itakayomsaidia kukisia: moja iliongezewa neno mwishoni, nyingine mwanzoni, na ya tatu ikatanguliziwa neno tofauti.

Tofauti kati ya CORBA na DOM ndiyo kiini cha historia hii. Zote mbili zilibadilisha majina. Ya kwanza ilibadilisha kwa kanuni, ya pili kwa kila jina peke yake. Kanuni huweza kugeuzwa na kurudishwa nyuma na mashine. Uamuzi wa jina mojamoja huhitaji kukaririwa milele.

4.0 Kukataza, kugeuza, kukinga

Kuanzia miaka ya 2000 uzalishaji wa msimbo ukawa kazi ya kila siku, na mikabala mitatu ikajipambanua.

Mkabala wa kwanza ni kukataza. Thrift, zana iliyotolewa hadharani na Facebook mwaka 2007, ina orodha ya maneno yaliyotengwa katika lugha mbalimbali inazozihudumia, na skima inayotumia mojawapo hukataliwa. Njia hii ni salama: jina likikubaliwa, limekubaliwa kote. Gharama yake ni kwamba mtunzi wa skima hubeba mzigo wa lugha ambazo huenda hatazitumia kamwe, na kila lugha mpya inapoongezwa orodha inaweza kukua na kukataa skima zilizokuwa halali jana.

Mkabala wa pili ni kugeuza. Protocol Buffers ya Google, iliyotolewa hadharani mwaka 2008, haikatai uga unaoitwa "class". Msimbo wa C++ unaozalishwa huongeza kistari cha chini mwishoni. SWIG, zana ya tangu mwaka 1996 inayounganisha C na C++ na lugha nyingine, hubadilisha jina na kumwonya mtumiaji. Kugeuza kunawezekana bila hasara pale utambulisho wa kitu usipotegemea jina lake. Katika muundo wa jozi wa Protocol Buffers, kinachosafiri mtandaoni ni namba ya uga. Jina ni la binadamu na la msimbo tu. Lakini rekodi zilezile zikiandikwa kwa JSON, ni jina linalosafiri, na hapo ugeuzaji ukawa jambo la mkataba: jina la skima lenye vistari vya chini hugeuzwa kuwa jina lenye herufi kubwa katikati, na msomaji anatakiwa akubali majina yote mawili.

Mkabala wa tatu ni kukinga. Lugha lengwa yenyewe hutoa alama inayosema "hili ni jina, si amri". C# ilianza na alama ya @ mbele ya jina, kwa kuwa ilibuniwa kuishi pamoja na lugha nyingine kwenye jukwaa moja la .NET tangu mwaka 2002. Kotlin na Swift hulifungia jina kati ya alama mbili za kugeuzia nyuma. Rust, katika toleo la lugha la mwaka 2018, iliweka "r#" mbele ya jina. Mkabala huu ni ule wa ALGOL 60 uliogeuzwa: zamani amri ndiyo iliyovaa alama, sasa ni jina la mtumiaji. Lakini jina lenyewe hubaki kamili, na alama ikiondolewa hakuna kilichopotea.

Jambo linaloyapima mikabala hii yote ni wakati. Lugha haziishi zikiwa na orodha ileile. Java ililitenga neno "enum" mwaka 2004, ingawa watunzi wengi walikuwa wakilitumia kama jina la kigeu. Python ilikamilisha kuyatenga "async" na "await" mwaka 2018, na maktaba zilizokuwa na kigezo kiitwacho "async" zikavunjika. Zana inayozalisha msimbo sahihi leo inaweza kuzalisha msimbo mbovu mwakani bila skima kuguswa. Waandishi wa kiwango cha C walijikinga kwa busara: majina yanayoanza na kistari cha chini na herufi kubwa yalikuwa yamehifadhiwa kwa ajili ya lugha yenyewe, na mwaka 1999 neno jipya la aina ya kweli-au-uongo liliingia kwa jina la "_Bool" bila kumgusa mtu. Waliacha kiwanja kitupu mapema, na walipotaka kujenga hawakumbomolea mtu nyumba.

5.0 Majina ya Kiswahili mbele ya zana

Kwa mtazamo wa haraka, mtunzi wa skima kwa Kiswahili ana bahati. Maneno yaliyotengwa katika lugha zinazotumika sana yametoka katika Kiingereza. Katika maneno 32 ya C ya mwaka 1989 hakuna hata moja ambalo ni neno la kawaida la Kiswahili sanifu. Uga uitwao "jina", "tarehe" au "anwani" hautagongana na chochote. Bahati hii, hata hivyo, ni ya muda. Nuru, lugha ya programu ya Kiswahili iliyobuniwa Tanzania katika miaka ya karibuni, imetenga maneno kama "kama", "sivyo", "fanya" na "wakati". Neno "wakati" ni amri ya kurudia; pia ni nomino ambayo rejista ya hospitali au ya bandari ingependa kuitumia kwa saa ya tukio. Kadiri Kiswahili kinavyofaulu kuwa lugha ya programu, ndivyo mgongano utakavyohamia nyumbani. Hoja si uadui wa Kiingereza. Ni tabia ya lugha yoyote inayotenga maneno.

Matatizo yaliyopo sasa yako katika kanuni za majina, na matatu yanastahili kutajwa.

*5.1 Ritifaa.* Tahajia ya Kiswahili hutenganisha ng na ng' kwa ritifaa, na tofauti hiyo hubeba maana: "ng'oa" ni kutoa kitu kilichojishikilia ardhini, na "ngoa" ni tamaa au wivu. Katika lugha nyingi za programu, jina hujengwa kwa herufi, tarakimu na kistari cha chini. Ritifaa hutumika kufungia maandishi. Haskell ni miongoni mwa chache zinazoruhusu ritifaa ndani ya jina, na humo "ng'ombe" ni jina halali. Kwingine zana ina hiari mbili mbaya. Ikiifuta ritifaa, maneno mawili yanakuwa moja. Ikiweka kistari cha chini badala yake, "ng_ombe" litaonekana kama maneno mawili, na kanuni ya herufi kubwa za katikati italizalisha "ngOmbe".

Unicode inatoa hiari ya tatu. Ipo ritifaa inayohesabiwa kuwa herufi, yenye namba U+02BC, na jina lenye ritifaa hiyo hukubalika katika Java, Python na Go. Kwa macho haitofautiki na ritifaa ya kawaida wala na ile iliyopinda inayowekwa na programu za kuandikia. Matokeo yake ni maumbo matatu yanayofanana kwa binadamu na yasiyofanana kwa mashine, na la halali ndilo lisilopatikana kwenye kibodi. Kwa upande mwingine, tahajia sanifu ya Kiganda ina herufi ŋ kwa sauti hiyohiyo, nayo ni herufi kamili inayoruhusiwa katika majina ya lugha hizo. Sauti moja ina hadhi mbili katika msimbo pande mbili za mpaka.

Tatizo hili si la nadharia. Zana nyingi hugeuza orodha ya thamani kuwa majina ya msimbo. Orodha ya kaunti 47 za Kenya ina Murang'a, Tharaka-Nithi na Homa Bay. Msimbo utapata MURANGA, THARAKA_NITHI na HOMA_BAY. Hakuna programu itakayoweza kurudi kutoka hapo na kujua kwamba la kwanza lilikuwa na ritifaa, la pili kistari na la tatu nafasi. Raia atakayeletewa cheti kilichochapwa kutokana na majina hayo ataona kaunti yake imeandikwa vibaya na serikali yake.

*5.2 Umoja na wingi.* Ruby on Rails, iliyotolewa mwaka 2004, huzalisha jina la jedwali kwa kulitia jina la kitu katika wingi. Kanuni zake za msingi ni za Kiingereza. "Mtu" huwa "mtus" na "kitabu" huwa "kitabus". Zikirudi nyuma kutoka wingi hadi umoja, kanuni zilizokusudiwa maneno ya Kilatini huigeuza "tabia" kuwa "tabium" na "familia" kuwa "familium". Zana yenyewe inaruhusu kuongeza kanuni za lugha nyingine, lakini ngeli za Kiswahili hazijulikani kwa umbo pekee: "kitabu" hupata vi-, ilhali "kiongozi" ni vi- yenye upatanisho wa watu, na "nyumba" haibadiliki kabisa.

*5.3 Herufi kubwa.* Katika Go, iliyotangazwa mwaka 2009, jina linaloonekana nje ya kifurushi lazima lianze na herufi kubwa. Mwandiko wa Kiarabu, ambao Kiswahili kiliandikwa kwao kwa karne nyingi, hauna herufi kubwa wala ndogo. Mtafiti wa miswada anayetaka nyuga zake ziitwe kwa mwandiko huo atalazimika kutanguliza herufi ya Kilatini isiyo na maana yoyote. Kanuni iliyoonekana nyepesi na safi kwa watunzi wake ilidhani kwamba kila mwandiko duniani una maumbo mawili ya kila herufi.

6.0 Mapendekezo

Historia iliyoelezwa inatoa mapendekezo manne kwa asasi zinazoandaa viwango vya data kwa Kiswahili.

Kwanza, jina asilia lihifadhiwe ndani ya skima kando ya jina la msimbo. Utambulisho wa uga ukae kwenye namba, jina la msimbo liwe la mashine, na jina la Kiswahili lenye tahajia kamili liwe ndilo linaloonyeshwa kwa mwananchi.

Pili, pawe na kanuni moja iliyochapishwa na inayorejesheka. Kwa ritifaa makala haya yanapendekeza herufi x. Tahajia ya Kiswahili sanifu haitumii x, kwa hiyo "ngx" haiwezi kutokea kwa bahati katika neno la Kiswahili: ng'oa litaandikwa "ngxoa" katika msimbo, na "ngoa" litabaki lilivyo. Watumiaji wa Kiesperanto wamefanya hivyo kwa muda mrefu kwa herufi zao zenye alama juu, kwa sababu hiyohiyo ya kutokuwa na x. Umbo hilo halipendezi jicho, lakini ni la mashine, na mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: linarudi kwenye ng' bila kukisia. Kwa jina linalogongana na neno lililotengwa, kistari cha chini mwishoni kinatosha, ilimradi skima zikataze majina yanayoishia hivyo ili kiwanja hicho kibaki kitupu.

Tatu, umoja na wingi wa kila jina uandikwe wazi katika skima. Ngeli ni maarifa ya kamusi, na kamusi tunazo. Zana isiachiwe kukisia kile ambacho mwanaleksikografia amekwisha kukiandika.

Nne, kila kanuni ijaribiwe kwa safari ya kwenda na kurudi. Jina litolewe katika Kiswahili, lizalishwe katika kila lugha lengwa, Nuru ikiwemo, kisha lirejeshwe. Likirudi tofauti, kanuni ina kasoro. Jaribio hili lirudiwe kila lugha lengwa inapotoa toleo jipya, kwa kuwa yaliyoipata "async" yatalipata neno jingine.

Kazi hii ina mwenyewe. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina mamlaka ya kuvuka mipaka. BAKITA na BAKIZA zina uzoefu wa usanifishaji. Mashirika ya viwango ya nchi wanachama yana njia ya kuifanya kanuni iwe sharti la zabuni za mifumo ya serikali. Kinachokosekana ni waraka wa kurasa chache unaosema jina la Kiswahili huandikwaje mahali pasipoandikika.

7.0 Hitimisho

Watunzi wa FORTRAN hawakukusudia kuwabana watu kwa herufi sita kwa zaidi ya miaka 30, na waandishi wa DOM hawakukusudia "className" iwepo baada ya sababu yake kuondoka. Maamuzi ya majina hufanywa kwa haraka, na hudumu kwa sababu watu wengine hujenga juu yake. Zilizoepuka majuto ni lugha na zana zilizochapisha kanuni mapema, zikaacha nafasi ya maneno yajayo, na kulinda njia ya kurudi kwenye jina la asili.

Kiswahili kimepewa hadhi mezani pa Jumuiya. Mezani pa zana zinazozalisha msimbo hakijafika bado, na wahenga walikwisha kusema kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Mifumo inayojengwa sasa itaamua kama Murang'a itabaki na ritifaa yake. Uamuzi huo ufanywe na wanaojua kwa nini ritifaa ipo.